Kuuliza "Mimi ni Nani?" au Kujikabidhi: Njia Ipi ya Kuvuka Umimi Itakufaa?

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la malipo hapa Dodoma mjini. Bwana mmoja wa makamo alikwenda moja kwa moja mbele, akaombwa arudi nyuma apange mstari kama wengine. Akamkazia macho binti wa dirishani, akasema kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni: "Unanijua mimi ni nani?" Foleni nzima ikanyamaza. Binti akainamisha uso, akapokea karatasi zake.

Nilishtuka, maana alfajiri ile nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nyumbani Nkuhungu, nusu saa nzima, na swali moja tu kifuani: mimi ni nani? Maneno yale yale. Na hasira iliyonipanda kwa ajili ya yule binti ilibeba jambo jingine chini yake: mimi nimefuata mstari, mimi nimesimama na jua hili, kwa nini yeye apite? Ile nusu saa ya alfajiri haikuwa imefika hata dirishani.

Nayaandika haya kwa sababu ya kijana niliyemfundisha hisabati zamani, ambaye sasa kaajiriwa kwenye ofisi moja kule Mtumba. Aliniuliza: "Mwalimu, wewe unakaa kimya kila asubuhi. Mjomba wako wa Kondoa ni mtu wa dhikiri. Na YouTube kuna walimu wanasema hakuna cha kufanya, kila kitu tayari ni kimoja. Sasa mimi nishike lipi?" Siku ile nilimjibu nusunusu, kengele ikawa imelia. Leo nimjibu sawasawa, na yeyote mwenye swali kama lake asome.

Kwanza tuelewane tunatafuta nini. Kila mmoja wetu anaishi na hisia kwamba yuko humu ndani, nyuma ya macho, na dunia iko kule nje, na kazi yake ni kujilinda nayo au kuipata. Njia zote ninazozieleza hapa zinasema hisia hiyo ikichunguzwa haisimami kama tunavyodhani. Wahindi wana neno lake, advaita: "a" ni kukanusha, "dvaita" ni uwili. Si-wawili. Hawakusema "moja", na nadhani walifanya vizuri, kwa sababu ukishasema moja umeanza kuhesabu. Kwa Kiswahili mimi hutumia neno umimi kwa kile kinachovukwa, na nautofautisha na ubinafsi. Mbinafsi ni yule asiyegawa. Umimi hata mkarimu anao: anagawa kwa mkono, moyoni anaweka daftari.

Njia ya kuuliza

Anayejulikana zaidi kwa njia hii katika karne iliyopita ni Ramana Maharshi, aliyezaliwa mwaka 1879 katika nchi ya Watamili, kusini mwa India. Mwaka 1896, akiwa na miaka 16, katika nyumba ya ami yake mjini Madurai, alishikwa ghafla na hofu ya kufa ingawa hakuwa mgonjwa. Badala ya kuita watu, alijilaza chini, akajikaza kama maiti, akajiuliza: mwili huu ukifa, ni nani anayekufa? Wiki chache baadaye aliondoka kwao akaenda Tiruvannamalai, chini ya mlima Arunachala, na hakutoka huko mpaka alipofariki mwaka 1950. Watu walimfuata na maswali marefu, naye aliwarudisha kwenye lile lile fupi.

Wengi hukosea hapa, nami nilikosea: wanalifanya swali kuwa uradi, wanalirudia mara mia. Wengine wanalijibu kwa maneno mazuri, "mimi ni roho", "mimi ni kiumbe wa Mungu", kisha wanafunga kitabu. Alivyofundisha yeye ni hivi: wazo likija, uliza limemjia nani. Utasema, limenijia mimi. Basi mtazame huyo mimi. Baki hapo ukitazama.

Kiswahili kinatusaidia sana hapa. Nenda Soko la Majengo asubuhi, mzigo ukiwa umetupwa katikati ya njia, utasikia mtu akiuliza: "Mzigo huu mwenyewe nani?" Tazama neno hilo, mwenyewe. Ndilo la mmiliki, na ndilo tunalotumia tunaposema "mimi mwenyewe". Nafsi na mwenye mali tumewapa neno moja, na nimelitumia maisha yangu yote bila kulitazama. Kwa hiyo mimi huuliza Kimajengo. Hasira imepanda: hasira hii mwenyewe nani? Ukitazama kwa uaminifu unakuta tumbo limekaza, uso wa moto, picha ya mtu fulani, na sentensi moja, "amenidharau". Vyote hivyo vipo. Mwenyewe haji kuuchukua mzigo. Njia hii inataka ulione hilo kwa jicho lako. Kuliamini tu hakukufikishi popote.

Uzuri wake ni mkubwa. Haidai ada wala kubadili dini, na inafanyika kwenye bajaji, jikoni, kwenye kikao cha idara. Kwa mtu wa akili za kuhoji, aliyechoka kuambiwa "amini tu", ni maji baridi.

Lakini ina ukavu ambao lazima niuseme. Kwenye mapokeo ya Shankara, mwalimu wa karne ya 8 aliyeyapa mafundisho ya advaita umbo tunalolijua, mtu hakupewa swali hili mkononi kama pipi. Alitakiwa kwanza awe na utulivu, awe amejizuia, awe na kiu ya kweli, asikilize kwa mwalimu, atafakari, ndipo akae nalo. Sisi tunalipata kwenye simu, usiku, peke yetu.

Baba yangu alipofariki, swali hili nilikuwa nalo tayari, na nililitumia vibaya. Kila huzuni ilipokuja niliuliza: huzuni hii mwenyewe nani? Na kweli ilitulia. Nilipanga matanga, nilipokea wageni, nilihesabu michango, sikulia. Moyoni nikaanza kujiona nimefika mahali ambapo ndugu zangu wanaojigaragaza hawajafika. Siku ya tatu mama, aliyekuwa amekaa kwenye jamvi na wanawake wenzake, aliniita pembeni, akanishika mkono: "Mwanangu, aliyekufa ni baba yako. Si baba wa jirani." Sikuwa na jibu. Umimi ulikuwa umelichukua swali lililokuja kuuondoa, ukajifunika nalo kama blanketi. Nililia baadaye, Kondoa, kwa mjomba.

Njia ya kujikabidhi

Mama ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu. Baba alikuwa Mgogo wa Mvumi, Mwanglikana. Nimekulia katikati ya hizo mbili, na njia hii naijua kutoka pande zote. Ramana mwenyewe alisema milango ni miwili: ama uulize mimi ni nani, ama ujikabidhi. Hakuudharau wa pili, na mimi kadiri umri unavyokwenda nauheshimu zaidi.

Mjomba ni mtu wa Kadiria, mojawapo ya twarika, yaani njia za Masufi, Waislamu wanaomtafuta Mungu moyoni. Aliyeieneza sana huku Afrika Mashariki ni Sheikh Uways wa Barawa, Somalia, aliyeishi kuanzia 1847 hadi 1909. Zanzibar na pwani iliipokea, kisha ikapanda bara. Usiku wa kuamkia Ijumaa wanakaa duara, wanapiga dhikiri: La ilaha illa Llah. Nusu ya kwanza inakanusha, nusu ya pili inathibitisha. Nilipomweleza mjomba habari ya advaita na si-wawili hakushangaa hata kidogo. Akasema, "Mpwa wangu, ukisema hapana mungu, usimtafute wa kumkanusha huko nje. Anza na huyo mdogo aliyekaa kifuani anayetaka kila mtu amsujudie." Kisha pumzi inarudi, "ila Allah", na huyo mdogo hana pa kukaa.

Masufi wana maneno mawili ya kukumbuka. Fanaa ni kufutika kwa umimi. Baqaa ni kubaki baada ya hapo, kurudi dukani, kulipa deni, kulea mtoto, ila yule mdogo si mfalme tena. Wanaolipenda la kwanza bila la pili huwa mzigo kwa familia zao. Mjomba alinihadithia kijana aliyekuja kwa sheikh wao akasema ameona nuru kwenye dhikiri. Sheikh akamsikiliza hadi mwisho, akamwuliza: "Mkeo anasemaje?"

Hapo ndipo njia hii inapoizidi ile ya kwanza, kwa maoni yangu. Kuna duara. Kuna mtu aliyekutangulia, anayekufahamu, anayejua unadaiwa na nani, na haogopi kukuuliza. Swali la Ramana ukiwa nalo peke yako chumbani, hakuna wa kukuambia umelala.

Upande wa baba jambo ni lile lile kwa sura nyingine. Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba si yeye tena anayeishi, bali Kristo anaishi ndani yake, na sentensi hiyo Wakristo wa Dodoma wanaijua kwa moyo bila kukaa nayo. Wakarmeli kama Yohane wa Msalaba, aliyefariki mwaka 1591, walikaa nayo maisha mazima. Katika karne ya 20 watawa Watrapisti wa Marekani, Thomas Keating akiwa mmoja wao, waliipanga sala ya ukimya kwa namna ambayo mwalimu wa shule au muuza mboga anaweza kuishika: unachagua neno moja takatifu, unakaa dakika 20, mara mbili kwa siku, na kila unapogundua umechukuliwa na mawazo unarejea kwenye lile neno kwa upole. Tofauti yake na dhikiri ni kwamba neno halisemwi mfululizo. Linatumika tu kukurejesha kwenye ukimya, kama mtu anayegusa mlango wa kwao gizani, kisha linaachwa. Chagua neno fupi la Kiswahili unalolipenda. La baba yangu lilikuwa "Bwana", na nadhani alikufa nalo.

Niongeze jambo ambalo sijalikuta likitajwa popote na walimu wa umoja, lakini Mgogo atanielewa. Katika kuimba kwetu sauti zinapokezana na kupishana; huyu anashika kipande, yule anajibu, na wimbo wenyewe haupo kwa mmoja. Nikiwa msichana nilisimama na akina mama kwenye muheme, ngoma katikati ya magoti, na kuna dakika ambazo sikuweza kuitofautisha sauti yangu na za wenzangu. Sikuwa nimepotea, maana nilikuwa napiga sawasawa. Ila "mimi ninayepiga" hakuwepo. Sisemi ngoma ni ukombozi. Nasema ladha yake mwili unaijua tayari, na anayeanza asidhani anatafuta kitu cha ajabu kutoka mbali.

"Mimi ni Mungu"?

Hili linawaogopesha wengi, na wana haki ya kuogopa, kwa hiyo nikae nalo kidogo. Je, njia hizi zinamaanisha kwamba mimi ni Mungu?

Hazikubaliani, wala hata ndani ya njia moja watu hawakubaliani. Shankara anasema utengano ni kama kuona kamba jioni ukadhani ni nyoka: leta taa, nyoka hayupo, wala hakuwahi kuwepo. Undani wako na uhalisi wote ni kitu kile kile. Ramanuja, karne chache baadaye na huko huko India, alikataa: sisi ni wa Mungu kama mwili ulivyo wa roho, tumeungana naye bila kufutana. Kwa Waislamu, al-Hallaj aliuawa Baghdad mwaka 922, na maneno yanayokumbukwa zaidi kwake ni "Mimi ndiye Haki", na Haki ni mojawapo ya majina ya Mungu. Wafuasi wa Ibn Arabi, Msufi mwingine, walizungumza umoja wa kuwepo. Ahmad Sirhindi wa India, aliyefariki mwaka 1624, akasahihisha: umoja uko katika kushuhudia. Mfano wake naupenda. Jua likichomoza huzioni nyota, lakini nyota hazijaondoka. Na kwa Wakristo, mwaka 1329 Papa Yohane wa 22 alitoa waraka dhidi ya sentensi 28 za Meister Eckhart, mhubiri Mdominiko wa Ujerumani, ambaye wakati huo alikwisha kufa.

Kwa hiyo Mwislamu au Mkristo mwenye hofu hiyo hahitaji kuacha imani ili atembee. Njia ya Sirhindi ipo, ya Yohane wa Msalaba ipo. Mimi binafsi nimeshasema na mjomba kwamba sitalitamka hilo neno, hata kama siku moja nitaliona kuwa kweli. Liweke neno "mimi ni Mungu" kinywani mwa yule bwana wa kwenye foleni uone litafanya nini kwa binti wa dirishani.

Nyingine mbili, kwa kifupi

Ipo njia ya kukaa tu, ya Wabudha wa Zen, hasa kama alivyoifundisha Dogen huko Japani katika karne ya 13. Unakaa mgongo wima, macho nusu wazi, unatazama ukuta. Huulizi swali, huiti jina. Wabudha hawasemi kwamba sote ni nafsi moja kubwa; wanasema nafsi ya kudumu haipatikani. Mtawa Nagasena alimwonyesha mfalme Milinda kwa gari lake la farasi: gurudumu si gari, ekseli si gari, sasa gari ni lipi? Fungua bajaji yoyote utaona anachosema. Ni njia safi, inamfaa mtu aliyechoshwa na majina yote, aliyeumizwa na dini. Ugumu wake kwetu ni mwalimu. Dar es Salaam kuna hekalu la Kibudha pale Upanga, lakini ni la mapokeo ya Sri Lanka, si Zen. Yapo pia mafunzo ya siku 10 ya vipassana, tafakari ya Kibudha ya kuchunguza hisia za mwili, ya mtindo wa mwalimu Goenka; yanaendeshwa kwa sadaka za waliopita, bila ada, kwa ukimya, na kukaa kama saa kumi kila siku. Usiyafanye kama kitu chako cha kwanza.

Na wapo wale wa YouTube, wa "hakuna mtu, hakuna njia, hakuna cha kufanya". Niliwasikiliza miezi kadhaa usiku. Walinifariji sana. Asubuhi niliwafokea wanafunzi wa kidato cha pili kwa sauti ile ile ya siku zote. Huenda maneno yao ni kweli kwa aliyefika. Kwa mimi niliyeko njiani yalikuwa ruhusa ya kukaa chini.

Tahadhari moja, na tafadhali usiipite. Kuvuka umimi hakufanani na kujihisi si mtu halisi. Ukianza kuona mikono yako kama si yako, dunia kama nyuma ya kioo, usingizi umekata, hofu haishuki, acha swali, acha kukaa, kula, tembea na mtu, nenda hospitali. Sisi tunayo Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, hapa hapa mjini. Najua watu wanavyolitumia jina hilo kama tusi, na limewafanya wengi wachelewe kwenda. Kwa aliye kwenye matanga, au aliyewahi kuugua akili, mimi sishauri njia ya kuuliza kabisa kwa mwaka wa kwanza.

Sasa wewe kijana wangu wa Mtumba

Umehamia, unaishi chumba kimoja, unakula peke yako chipsi mayai mbele ya simu, na kazini unashinda na mafaili. Kichwa chako ni kikali, nakikumbuka. Ungependa nikuambie ushike swali la Ramana, kwa sababu linakufaa kama funguo na kufuli. Nami nakuambia usianze nalo. Mtu aliye peke yake akianza kuuliza kama yupo, mara nyingi anapata upweke zaidi na kuuita utulivu. Anza na watu. Umelelewa Kikatoliki, tafuta wawili watatu parokiani wanaopenda ukimya, mkae na neno moja, dakika 20. Kama hawapo, nenda peke yako kanisani siku ya kazi, kuna viti vitupu vingi. Ungekuwa Mwislamu ningekuelekeza kwenye duara.

Shika hilo miezi mitatu bila kuchanganya. Najua utataka kuonja zote nne kwa wiki moja, kama tulivyofanya na mitihani ya majaribio. Kisima hakifiki maji kwa kuchimba mashimo manne ya futi tano, na wewe umekulia Bahi, unajua maji yako chini kiasi gani.

Baada ya hapo ongeza swali, dakika kumi, na uwe na mtu wa kumweleza unachokiona. Naweza kuwa mimi. Kuna wenzako ambao ningewapangia kinyume: mama mwenye cheo na watoto watano na simu zisizokoma hahitaji duara jingine la watu. Yeye angeanza na "mzigo huu mwenyewe nani?", mara moja kwa siku, akiwa amefunga mlango wa gari.

Ukinieleza umeona nini, usitegemee nitaishia hapo. Nitakuuliza habari za foleni, za bosi wako, za kaka yako mliyenuniana tangu msiba wa bibi.

Jumamosi huwa nakaa na majirani wawili, saa kumi na moja alfajiri, Nkuhungu. Mmoja ana tasbihi yake, mwingine ana rozari, hatusemi kitu mpaka chai. Mkeka upo. Njoo na sweta, upepo wa mwezi huu unapita chini ya mlango.